Sura ya Nane: Mtu Aliyegeuziwa Mgongo

Fundi Faraji alichomeka kijiti cha kupimia oili, akakichomoa, akakitazama, akakifuta kwa kitambaa na kukichomeka tena. Kilitoka kikavu vilevile. Sajenti Tupokigwe wa upelelezi alisimama pembeni yake, akimtazama mzee wa watu anakirudia kwa mara nyingine.

"Afande, gari hili tuliliwekea oili mpya," alisema Faraji. "Jumamosi asubuhi. Nilisimama hapa hapa Emmanuel akimimina. Wallahi tena."

"Sijasema hukuweka. Fungua chini."

Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha kwa raha zake, ile isiyo na radi wala haraka, ambayo ikianza asubuhi huwezi kujua itakoma lini. Gari dogo jekundu la Nahla lilikuwa chini ya bati la gereji, boneti wazi. Lilikuwa limevutwa kwa kamba jana yake kutoka Isongole, nyuma ya lori la viazi.

Kesho kutwa, Nahla binti Suleimani alitakiwa kusimama mahakamani Mbeya. Ni yeye peke yake aliyeuona ule moto wa Kisondela, banda la maparachichi lilipoteketezwa huku mlinzi wake, Yohane, amefungiwa ndani kwa komeo la nje. Nahla alikuwa amekwenda kununua maparachichi, akachelewa njiani, akawaona watu wawili. Mmoja alimtaja kwa jina: Lugano, mnunuzi mkubwa wa maparachichi, ambaye sasa yuko mahabusu anakula ugali wa serikali. Wa pili hakumjua jina. Alisema tu, "Nikimwona nitamtambua." Huyo wa pili hajapatikana mpaka leo. Nahla akifa, basi kesi nayo imekufa, Lugano atatoka anapunga mkono, na Yohane atakuwa ameungua bure.

Na jana Nahla nusura afe. Alilichukua gari lake gereji Jumatatu asubuhi, likawaka vizuri tu, akashika njia ya Mbeya kwenda kuonana na wakili wa serikali. Alipokuwa anaumaliza ule mlima wa Isongole, ukungu mzito, injini ikagonga kwa nguvu, ikajifunga, gari likasimama katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma lilimkwepa kwa kuingia kwenye magunia ya viazi ya watu. Angekuwa ameshapita pale akaanza kule mteremko wa kwenda Uyole, injini izimike, usukani ugome na breki iwe ngumu kama jiwe, leo wangekuwa wanamzika.

Faraji alitambaa chini ya gari. Tupokigwe alichuchumaa, akawasha tochi ya simu.

"Nati ya sampo, hii ya kutolea oili, imekazwa," alisema Faraji kutoka kule chini. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Imekazwa vizuri kabisa. Ingekuwa imelegea, afande, ningesema ni uzembe wetu, oili imevuja njiani, nifunge mimi. Lakini hii imefunguliwa, oili ikatolewa, nati ikarudishwa, ikakazwa."

Alipoifungua, kikombe kimoja hivi cha oili kilimwagika kwenye karai. Kilikuwa cheusi na ndani yake vipande vya chuma viking'aa kama magamba ya dagaa. Vilikuwa beringi za injini, zimesagika zote.

"Kwa nini asitoe yote?" Tupokigwe aliuliza.

"Akitoa yote, injini inapiga kelele hapo getini. Mwenye gari anarudi." Faraji alitoka chini ya gari, akakaa kwenye tairi bovu, hana hamu ya kusimama. "Akibakisha kidogo, inakwenda. Inakuja kufia mlimani, inapofanyishwa kazi."

"Na taa? Si kuna taa ya oili inawaka pale mbele ya dereva?"

Faraji aliinuka, akarudi kwenye boneti. Aliingiza mkono ubavuni mwa injini, akapapasa, akavuta waya mwembamba. Ulikuwa umekatwa kwa kisu, na ncha yake imesukumwa nyuma ya bomba isionekane. Tupokigwe aliupiga picha. Mtu aliyefanya hivi hakuwa na papara. Alijua magari, tena aliijua na barabara.

"Jumamosi nani alikuwa hapa?"

"Hakuna."

"Fundi."

"Afande, wewe si mgeni. Ilikuwa siku ya mazishi ya mama mwinjilisti. Mji huu mtu akifa nani anabaki na spana mkononi? Hata mimi Mwislamu nilifunga kazi nikaenda, maana kesho yatakuwa kwangu. Lile geti ni gogo tu, unalinyanyua unapita. Gari tulishalimaliza, tukaliacha limepaki, ufunguo juu ya kabati."

"Na Emmanuel?"

Faraji akainamisha uso. "Emmanuel simu yake haipatikani tangu Jumamosi hiyo hiyo."

Hapo Tupokigwe akasema moyoni, nimeshampata. Fundi aliyemimina oili, anajua nati iko wapi, anajua waya uko wapi, halafu simu imezimwa. Alitoka hadi barabarani ili apige simu kituoni waanze kumsaka. Hajabonyeza namba, Emmanuel huyo hapo anashuka kwenye bodaboda, viganja vyake vimefungwa vitambaa.

"Simu yako iko wapi?" Tupokigwe alimuuliza bila hata salamu.

"Kaburini, afande."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Nilikuwa zamu ya kuchimba. Tulianza asubuhi baada ya kumaliza gari, udongo ulikuwa na mawe, tukachimba mpaka jeneza linafika. Simu ilikuwa mfuko wa shati. Nimekuja kuipapasa watu wameshaimba na kufukia. Sasa ningemwambia nani afukue?" Alifungua kitambaa kimoja. Kiganja kilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka. "Muulize mchungaji. Muulize mtu yeyote. Nilikuwa ndani ya shimo, nani hakuniona?"

Tupokigwe alipiga simu mbili, kwa mchungaji na kwa mwenyekiti wa mtaa, na wote walimwambia kitu kilekile. Emmanuel alichimba tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti hata alicheka habari ya simu kabla ya kukumbuka anaongea na polisi. Basi Emmanuel akatoka kwenye hesabu, na hofu ya Tupokigwe ikaongezeka, maana aliyebaki alikuwa mtu asiye na sura.

Simu yake ikaita. Alipoona jina, alishusha pumzi. Mzee Ambindwile.

Kama kuna mtu mmoja wilaya hii ambaye Tupokigwe angemkabidhi roho yake aishike, ni huyo. Alikuwa stafu sajenti wa upelelezi miaka mingi, dereva wa Landrova za polisi kabla ya hapo, na ndiye aliyempokea Tupokigwe akiwa konstebo mbichi na kumfundisha kutazama. Sasa amestaafu, anatunza migomba yake Kisondela. Jana jioni, Nahla alipoletwa kutoka Isongole, Tupokigwe hakumpeleka kwao. Alimpeleka kwa Mzee Ambindwile, na hakumwambia mtu mwingine yeyote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Binti hajambo. Amekula, amelala. Wewe umefikia wapi?"

"Siyo ajali, mzee. Oili ilitolewa Jumamosi watu wakiwa msibani. Fundi nimemwondoa kwenye hesabu. Nataka nimhoji mwanamke anayeuza chai getini, mwenyekiti kaniambia yeye hakwenda kuzika."

Simu ilinyamaza kidogo. Tupokigwe alidhani mtandao umekata.

"Hao wauza chai husema chochote," Ambindwile alisema. "Usipoteze muda. Sikiliza, hapa kwangu kuna pikipiki imepita mara mbili siielewi. Nataka nimhamishe binti, nimpeleke kwa ndugu yangu kule kijijini Matwebe. Hakuna atakayemfuata kule."

"Fanya hivyo, mzee. Ahsante sana."

"Mchana huu huu nitaondoka naye," alisema, akakata.

Mwanamke wa chai aliitwa Atuganile. Kibanda chake kilikuwa mabua na turubai, kimeegemea ua wa gereji ndani kidogo tu ya geti, na nyuma yake migomba michache. Kila aliyeingia gereji alipita mbele ya sufuria zake. Alikuwa anamenya ndizi, na alipoona kitambulisho cha polisi kisu kikamponyoka.

"Jumamosi hukwenda msibani?"

"Nilikuwa na maharage motoni. Wakirudi kuzika wanarudi na njaa."

"Nani aliingia hapa?"

"Sikumwona mtu."

"Mtu ameingia na chombo, ameingia chini ya gari, ametoa oili, ametoka. Siyo kazi ya kufumba na kufumbua. Wewe umekaa hapa getini. Hukumwona?"

"Sikumwona mtu, afande."

Aliyasema maneno hayo akitazama ardhi, taratibu, kama anasema sala aliyokaririshwa. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na baridi yote ile. Tupokigwe amehoji waongo wengi, na mwongo hujipa maneno mengi. Huyu alikuwa anabana maneno. Alikuwa anaogopa, tena siyo polisi.

Ng'ambo ya barabara, barazani, Saada fundi cherehani alikuwa ameacha kushona, shingo ndefu anatazama. Tupokigwe alivuka akamwendea.

"Karibu, dada. Nilikuwa nakusubiri," Saada alisema, na kweli alikuwa na kiti tayari. "Jumamosi mguu ulinivimba, sikwenda kuzika, nilikuwa hapa hapa na hizi sare za shule. Uwani kwa Faraji sioni, ule ua unanizuia. Lakini kibanda cha Atuganile nakiona."

"Uliona nini?"

"Niliona mambo ya ajabu. Alikuwa anachochea maharage. Mara nikamwona anasimama ghafla, mwiko kautupa chini, kanga kaivuta kichwani mpaka usoni, huyo, mbio kwenye migomba. Akachuchumaa kule, mgongo huku, uso kule. Nikasema maskini, tumbo limemkamata. Nikaendelea kushona. Nashona, nashona, namwona bado yupo. Maharage yakaungua, moshi mpaka kwangu. Namwita, we Atuganile, chakula kinaungua. Hageuki. Alikuja kuinuka baadaye sana, sufuria imeshakuwa mkaa."

"Hukumwona aliyepita?"

"Njia ile ya nyuma ya gereji inaingilia upande ule unaofichwa na ua, mtu akiitumia mimi simwoni mpaka avuke barabara. Hakuvuka." Saada akapunguza sauti. "Ila dada, tangu siku hiyo hajawa sawa. Nampa chai haimalizi."

Tupokigwe alirudi kibandani na hasira, nusu yake hofu. Sasa aliiona picha yote, au alidhani anaiona. Mwanamke amepewa kitu, akaambiwa akae pembeni asitazame. Alikaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ulilipwa na nani uwe kipofu?"

"Sikulipwa."

"Kuna binti amekoswakoswa kufa jana. Unamjua, Nahla wa Suleimani. Aliyefanya hivyo atarudia, leo au kesho, kabla hajafika mahakamani. Akifa, Atuganile, damu yake iko hapa kwenye sufuria zako. Ulikwenda migombani ukachuchumaa ukampa mtu mgongo. Ulimpisha nani?"

Atuganile alianza kulia bila sauti. Machozi yalishuka tu, na hakuyafuta.

"Sikumwona," alisema. "Mimi simwoni."

Tupokigwe alifungua mdomo amkemee, kisha akaufunga. Simwoni. Safari hii hakuishia kwenye sikumwona, amesema simwoni, kama mtu anayesema sili nyama au sinywi pombe. Na hapo, kwenye ndoo ile chini ya turubai linalovuja, alimkumbuka mama yake mzazi.

Alikuwa mdogo, wanatoka mtoni na mama yake, ndoo ya maji kichwani. Kwenye kona akatokea babu, baba yake baba. Mama aliiacha ndoo ianguke yenyewe, akaingia kwenye shamba la chai, akachuchumaa na kanga usoni, mpaka babu akapita na vishindo vyake vikapotea. Walirudi mtoni kuteka upya. Tupokigwe aliuliza kwa nini, mama akamwambia mkwe hatazamwi, mkwe hatajwi jina, wala yeye hakutazami. Ndiyo heshima yetu, ukutila. Watu wa mjini wengi wameiacha. Kuna nyumba ambazo hazijaiacha mpaka leo.

Mwanamke wa Kinyakyusa hatupi mwiko na kuacha maharage yaungue kwa ajili ya mwizi. Anafanya hivyo kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani. Na ili umkimbie, lazima kwanza umwone.

"Atuganile," aliuliza, sauti ya chini sasa, ya mwanamke kwa mwanamke. "Umeolewa wapi?"

"Kisondela."

"Mume wako nani?"

"Amoni."

"Yuko wapi?"

"Aliondoka. Alisema anatafuta kazi Dar. Sikumpata kwenye simu tena." Akaivuta kanga begani. "Ni baada ya ule moto wa maparachichi. Ndiyo nikaja kupanga chumba huku mjini."

Tupokigwe akajiuliza. Kisondela kulikuwa na Amoni wangapi? Yeye alimjua mmoja. Alikula naye pilau siku baba yake anastaafu, kijana mrefu, mpole, dereva wa Lugano.

"Baba mkwe wako," alisema. "Sitaki umtaje. Nitamtaja mimi, wewe nyamaza tu kama ndiye. Ambindwile."

Atuganile aliivuta kanga usoni, akanyamaza.

Tupokigwe akayakumbuka maneno ya kwenye simu. Binti hajambo, amekula, amelala. Nataka nimhamishe. Na yeye amejibu, fanya hivyo, mzee, ahsante sana. Ameshika shahidi wake kwa mikono miwili akampelekea mtu anayemtaka afe, kisha akamshukuru. Alipiga simu ya Nahla, haikupatikana. Alipiga ya Ambindwile, ikaita mpaka ikakata. Alipiga kwa mkuu wake wa upelelezi, akaongea kwa kifupi, akaambiwa gari la kituo liko mbali kwenye tukio lingine, linageuza sasa hivi, atangulie lakini asifanye ujinga.

Alimsimamisha bodaboda wa kwanza aliyepita. Alipogeuka, Atuganile alikuwa nyuma yake, ndala zimejaa tope.

"Nakuja," alisema Atuganile.

"Huwezi kuja. Unajua nani yuko kule."

"Najua."

Hakukuwa na nafasi ya kubishana. Walipanda mshikaki, dereva mbele, Tupokigwe katikati, Atuganile nyuma ameng'ang'ania koti lake. Njia ya Kisondela ilikuwa utelezi mtupu. Mara mbili pikipiki ilikwenda mrama kwenye korongo na mara mbili dereva akaikamata kwa miguu, akimwita Bwana Yesu. Tupokigwe hakuiona hatari hiyo hata kidogo. Alichokiona kichwani ni Nahla amekaa kwenye kiti cha mbele cha pikapu, amefunga mkanda, anamwita muuaji wake mzee wangu. Na mchana huu huu amesema ataondoka naye. Huenda ameshaondoka.

Hakuwa ameondoka. Pikapu ilikuwa uani, inaunguruma, imeelekea njia ya bondeni. Ambindwile alikuwa kwenye usukani. Nahla alikuwa pembeni yake, mtandio wa bluu kichwani, begi dogo mapajani, na alipomwona Tupokigwe akatabasamu na kupunga mkono. Tabasamu hilo lilimchoma Tupokigwe kuliko kitu chochote siku ile.

Alimwambia dereva wa bodaboda asimame mbali, kando ya migomba. Akamnong'oneza Atuganile asishuke. Kisha akatembea kwenda kwenye dirisha la dereva, akijilazimisha asikimbie.

"Mwanangu, mbona umelowa hivyo?" Ambindwile aliuliza. Koti lake la mvua lilikuwa lile la zamani la polisi. Macho yake yalishapita begani kwa Tupokigwe, yakahesabu pikipiki, yakarudi.

"Nahla, shuka kidogo," alisema Tupokigwe. "Baba yako anataka kuongea na wewe."

"Ataongea naye kwa simu tukifika," alisema Ambindwile. Kidole chake kikabonyeza kitu mlangoni, na milango yote ikajifunga kwa mlio mmoja. Nahla alimtazama, kisha akamtazama Tupokigwe. Tabasamu likaanza kuondoka.

"Mzee, zima gari."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

Ambindwile alitikisa kichwa taratibu, vilevile alivyokuwa akifanya Tupokigwe alipokosea kuandika maelezo. "Nilikufundisha nini, Tupo? Kumshuku mtu siyo kumwona. Una nini mkononi? Oili imetoka kwenye gari. Mji mzima ulikuwa unazika. Niambie aliyeniona."

Mguu wake ulikuwa kwenye pedali ya mafuta, injini ikapanda sauti. Mbele ya pikapu njia ilishuka moja kwa moja mpaka daraja la magogo, na chini ya daraja maji ya mvua yalikuwa yanakwenda kwa kishindo. Tupokigwe alishika ukingo wa dirisha. Hakuwa na bastola, gari la kituo lilikuwa halijafika, na jina la shahidi wake aliye kwenye pikipiki lilikuwa kooni halitoki. Angemwombaje mwanamke yule kitu kile? Nahla alikuwa ameanza kuvuta kitasa cha mlango, anavuta, anavuta, hakifunguki.

Ndipo aliposikia ndala kwenye tope.

Atuganile alikuja na kanga imefunika uso, ameinama kabisa, kwa hatua ndogondogo. Ambindwile alipomwona akageuza uso upande wa pili papo hapo. Hakufikiri. Mwili wake ulifanya wenyewe, kama ulivyofanya miaka yote. Na mwili wa Atuganile nao ulitaka kuchuchumaa, Tupokigwe aliona magoti yake yanakunjika. Lakini alifika mbele ya pikapu, mbele kabisa ya boneti, akasimama wima. Akaishika kanga, akaivua kichwani, mvua ikamnyeshea.

"Nilikuona mimi," alisema. "Ambindwile."

Dereva wa bodaboda kule migombani alishika mdomo.

"Ulikuja njia ya nyuma na dumu jeupe, umevaa koti hilo hilo. Uliniona nimekaa. Hukujificha, maana ulijua nitageuka, na nikigeuka sitasema mpaka nakufa. Nitazame, baba. Mimi nakutazama."

Hakutazamwa. Mzee aliukodolea macho usukani, shingo imekaza, mshipa unamcheza kwenye shavu. Halafu pikapu ikasogea. Ilisogea kidogo tu, bampa ikagusa magoti ya Atuganile, na Nahla akapiga ukelele nyuma ya kioo. Atuganile aliweka viganja viwili juu ya boneti. Hakurudi nyuma. Tupokigwe alikuwa ameingiza mkono dirishani mpaka begani, vidole vyake vinatafuta ufunguo, na kwa muda ambao hakuweza kuupima alisubiri kusikia gari linaruka.

Ili apite, Ambindwile alipaswa kuinua uso na kutazama mbele, na mbele palikuwa na uso wa mke wa mwanawe.

Vidole vya Tupokigwe viliupata ufunguo. Mkono wa mzee ulikuwa juu yake tayari, baridi, umelegea. Mzee aliuzungusha mwenyewe. Injini ikazima, zikabaki mvua na maji ya darajani.

"Amoni alikuwa mtu mdogo tu pale," alisema kwa sauti ya chini, bado anatazama usukani. "Alitumwa. Hakujua kama ndani kuna mtu."

Milango ilifunguka. Nahla alitoka anapepesuka, akaanguka kwa magoti, akainuka, akamshika Tupokigwe kiunoni kama mtoto. Hakuuliza kitu. Tupokigwe alimfunga Ambindwile pingu kwenye usukani, na mzee akageuza kiganja kumrahisishia. Kutoka upande wa barabara kuu, mlio wa gari la kituo ulikuwa umeanza kusikika unapanda gia.

Atuganile alikuwa bado amesimama mbele ya boneti. Tupokigwe alipomgusa bega, ndipo akakaa kwenye tope.

"Nimemtaja," alisema. "Nimemtaja na anasikia. Sasa nyumba ile nitaingiaje tena?"

"Umeokoa mtu."

"Yule wa pili kwenye moto." Aliangalia mikono yake. "Huyu binti akisimama Mbeya, akionyeshwa picha ya Amoni, atamtambua. Sivyo?"

Tupokigwe alichuchumaa mbele yake. Alitaka kusema hatujui bado, upelelezi unaendelea, maneno yale ya kazini. Hakuweza.

"Atamtambua," alisema.

Atuganile alimtazama Nahla kwa muda mrefu. Msichana alikuwa ameegemea mgomba, mtandio umelowa, bado anahema. Kisha Atuganile aliokota kanga yake kwenye tope, akaikamua, akainuka taratibu, akaenda kumfunika nayo mabegani.

"Basi mfikisheni salama," alisema.